Sitara ya Mtoto na Rangi ya Ramani

Ramani ni kauli ya mtu. Aichoraye huamua kwanza kipi kionekane na kipi kiachwe, upande upi uwe juu na upi uwe chini, mji upi uandikwe kwa herufi kubwa na kijiji kipi kisiandikwe kabisa. Na haya yote huyaamua kabla hajatia wino. Al-Idrisi, aliyekamilisha kazi yake kubwa mwaka 1154 katika ikulu ya Mfalme Roger wa Sicily, aliweka kusini juu na kaskazini chini, na katika ramani zake pwani yetu ya Zenji imo. Hakukosea. Wachoraji wa Ulaya waliokuja baada yake waliigeuza dunia juu chini, nao hawakukosea. Kila mmoja alisimama mahali pake akatazama. Twaanza na neno hili kwa sababu wasomaji wetu, hasa vijana walioko madarasani, wamezoea kuitazama ramani ya ukutani kama watazamavyo saa: kitu kisichokuwa na mwenyewe, ambacho kazi yake ni kusema kweli tu.

Siku hizi imezuka ramani ya namna nyingine, isiyotundikwa ukutani. Hukaa ndani ya kompyuta, nayo ni tabaka juu ya tabaka: tabaka la nyumba, tabaka la barabara, tabaka la skuli, tabaka la idadi ya watu. Kila skuli ni nukta, na nukta hiyo ukiigusa hukufungukia ikakwambia idadi ya wanafunzi, idadi ya walimu, kama maji yapo na kama umeme upo. Ukitaka, unaiuliza: nioneshe skuli zote ambazo mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya 60, na papo hapo rangi hubadilika mbele ya macho yako. UNESCO ina hazina ya takwimu ya namna hiyo, ambayo kwayo mtu yeyote aweza kumlinganisha mtoto wa kike wa shamba aliye maskini na mtoto wa kiume wa mjini aliye tajiri, nchi kwa nchi. Mwaka 2019 UNICEF pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walianzisha mpango uitwao Giga, ambao unazitia skuli za dunia katika ramani, nukta kwa nukta, ili ijulikane ipi ina intaneti na ipi haina. Tutaiita ramani inayojibu, maana sifa yake hasa ndiyo hiyo.

Ufundi wake tutawaachia mafundi. Suali letu sisi ni la maadili. Ramani hii inapomwonesha mkubwa wa nchi kwamba watoto wa mahali fulani wananyimwa kile ambacho watoto wa mahali pengine wanapewa, ni nani anayevuliwa nguo hadharani, na ni nani anayefunikwa?

Malighafi ya ramani kama hizo tunayo. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na miongoni mwa waliofundishwa kuzirusha walikuwamo vijana wa chuo hicho. Mapaa ya mabati na ya makuti, minazi, njia za miguu zinazopita vichakani, yote yakaonekana kwa uwazi ambao picha za setilaiti za zamani hazikuwa nao. Kisha ikaja Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ambayo makarani wake walibeba vishikwambi badala ya madaftari. Zanzibar ilihesabiwa kuwa na watu 1,889,773. Kati yao, watu 893,169 walikuwa katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake, mkoa ambao mwaka 2012 ulikuwa na watu 593,678. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi mkoa huu uliongezeka kwa nusu ya watu wake, na karibu nusu ya Wazanzibari wote wamesongamana hapo.

Mwalimu wa Mwanakwerekwe hahitaji ramani ya kumwambia hayo. Anayaona kila asubuhi, na anayaona tena mchana mkondo wa pili unapoingia. Lakini mwalimu siye anayegawa fedha. Anayegawa fedha amekaa mezani, na mbele yake yapo maombi mengi kuliko uwezo. Sisi tuliozeekea katika kazi za ofisini tunajua jinsi maombi yanavyojipanga juu ya meza: la mwenye sauti hupanda juu, la asiyekuwa na wa kumsemea mjini hushuka chini ya faili hadi karatasi ikageuka rangi. Hapa ndipo tunapoisifu ramani bila ya kusitasita. Ramani haina mjomba. Kijiji kisichokuwa na mtu mjini huonekana juu yake sawasawa na kijiji cha mkubwa, na ofisa mwadilifu hupata jambo la kumwonesha yule anayemshinikiza.

Tena ni lazima tukumbuke tulikotoka. Tarehe 23 Septemba 1964, Mapinduzi yakiwa hayajatimiza mwaka, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu itatolewa bila ya malipo. Kabla ya hapo mlango wa skuli ulifunguka kwa kadiri ya kabila la mtu, mfuko wa mtu, na mahali anapokaa. Tangazo lile lilikuwa la kufungua mlango. Jambo lililobaki kuulizwa, nalo ni gumu zaidi, ni nini mtoto anakikuta akishaingia. Na hilo halitangaziki kwa siku moja. Linahitaji kutazamwa mahali kwa mahali, mwaka kwa mwaka.

Lakini kutazama kuna namna. Mpimaji aliye ofisini huvuta mstari kutoka nyumba hadi skuli, akasema mtoto huyu yuko kilomita mbili, basi yuko karibu. Atazame kisiwa cha Uzi, kusini ya Unguja. Kwa vizazi vingi njia ya kwenda Uzi imepita kwenye mikoko, na maji yakijaa njia ilifunikwa, yakipwa ikafunuka. Mtoto, au mwalimu anayetoka ng'ambo, hakuwa mbali kwa kilomita. Alikuwa mbali kwa saa, na saa zenyewe hubadilika kila siku kwa kufuata mwezi. Mstari ulionyooka haujui kupwa na kujaa. Ukitaka ramani ijue, shurti mtu wa Uzi aulizwe.

Tuitazame Fumba sasa, kwani hapo mambo yamejikusanya kiasi kwamba mtu anayetaka kujifunza hila za ramani hana haja ya kwenda mbali.

Fumba ni rasi ya kusini-magharibi ya Unguja, yapata kilomita 20 hivi kutoka mjini, na Ghuba ya Menai iko ubavuni mwake. Ardhi yake aghalabu ni mawe ya matumbawe, na udongo ni haba. Watu wake, pamoja na jirani zao wa Bweleo, wameishi kwa bahari kuliko kwa jembe: dau, nyavu, madema, na kina mama kuvua pweza miambani maji yakipwa. Kuanzia miaka ya 1990 sehemu ya rasi hii ilitengwa kuwa eneo huru la uchumi, na tangu katikati ya miaka ya 2010 umekuwa ukijengwa mji mpya wa nyumba za kuuzwa, wenye barabara zilizonyooka, bustani, na wakaazi waliotoka mjini, Bara na nchi za mbali. Hatuna ugomvi na mji huo. Nchi haijengwi kwa kubaki ilivyo. Ila mtoto wa nyumba mpya na mtoto wa mvuvi, ingawa asubuhi wanaliona jua lilelile likitokea upande wa ghuba ileile, si lazima waingie skuli moja. Mwenye uwezo hulipa ada ya skuli ya binafsi. Asiyekuwa nao huenda skuli ya Serikali.

Basi ipake rangi Fumba. Ukiipaka kwa mkoa, itapata rangi ya Mjini Magharibi, yaani rangi ya mjini, kwa sababu watu wengi wa mkoa huo ni wa mjini. Ukiipaka kwa wilaya, itapata rangi ya Magharibi B, na wingi wa watu wa wilaya hiyo wako kaskazini mwa rasi, katika vitongoji vilivyosongamana pembezoni mwa mji, ambavyo shida yao ni msongamano wala si umbali. Ukishuka hadi shehia utadhani umefika. Lakini ndani ya eneo dogo wamo wavuvi na wamo wenye nyumba mpya, na rangi itakayotoka itakuwa mchanganyiko wa wawili hao. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika tu, darasa moja lina watoto 90 na jingine lina 10. Wastani ni 50. Darasa la watoto 50 halipo mahali popote hapo. Limo katika hesabu tu, na bado ndilo litakaloonekana juu ya kioo cha kompyuta, likiwa na rangi nzuri ya wastani, na mgeni atakayelitazama atasema kwamba Fumba haina shida kubwa.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Kila tarakimu ni ya kweli. Hii ndiyo sababu tunasema kwamba mpaka wa ramani ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la jiografia: ukiuvuta mpaka ukawaunganisha wenye na wasio nacho, umewaficha wasio nacho nyuma ya wenye.

Dawa iliyo wazi ni kushuka chini zaidi: tuache wilaya, tuache shehia, tutazame mtaa kwa mtaa na nyumba kwa nyumba. Vifaa vinaruhusu. Picha za mwaka 2016 zaonesha paa la kila nyumba. Na hapa tunakutana na jambo ambalo utamaduni wetu una neno lake, wala hatuna haja ya kuazima la mtu: sitara.

Aliyezoea nyumba za Mji Mkongwe anajua kwamba zimejengwa kwa hikima ya sitara. Nje iko baraza, na baraza ni ya kila apitaye; atakaa, atazungumza, atakunywa kahawa. Ukivuka mlango uko daka, ambako huingia mwenye jambo. Ndani ni kwa wenyewe. Hatukuambiwa kwamba mtu asionekane kabisa. Tuliambiwa kwamba kuna kiasi cha kuonekana, na kwamba kiasi hicho huamuliwa na mwenye nyumba. Ramani inayoshuka hadi paa la nyumba inavuka baraza na daka bila ya kupiga hodi. Katika kijiji kidogo, nukta moja ya mtoto asiyekwenda skuli si takwimu tena. Kila mtu anajua ni mtoto wa nani. Nukta ya mtoto mwenye ulemavu anayefichwa ndani, nukta ya msichana aliyeacha masomo kwa kupata mimba, hizi ukizichapa kwa kiwango cha mtaa umemtangaza mtu kwa jina bila ya kulitaja jina.

Walimwengu wamekwisha kulipitia jambo hili. Mwaka 1889 Charles Booth, tajiri wa meli, alianza kuchapisha utafiti wake mkubwa juu ya maisha ya watu wa London, na pamoja nao ramani iliyopaka kila mtaa rangi kwa kadiri ya hali ya wakaazi wake. Sehemu kubwa ya habari zake aliipata, jambo ambalo mwalimu yeyote atalisoma kwa makini, kutoka kwa maofisa wa Bodi ya Skuli, ambao kazi yao ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoto wasiohudhuria. Yaani ofisa alipigiwa mlango ukafunguliwa kwa ajili ya mtoto. Alichokiona mle ndani kikaenda kuwa rangi. Mitaa ya matajiri ilipewa manjano. Mitaa ya mwisho ilipewa nyeusi, na katika maelezo ya rangi hiyo Booth hakutosheka kusema kwamba watu wake ni maskini; aliwaita waovu na nusu wahalifu. Kazi hiyo ilileta kheri, kwani Booth mwenyewe aliendelea kutetea pensheni ya wazee hadi ikawa sheria mwaka 1908. Lakini mtoto wa mtaa mweusi alikua ndani ya rangi hiyo. Hakuulizwa wakati wa kuipaka, na hakupewa wino wa kujibu.

Kwa hiyo pande zote mbili pana dhulma. Wastani humfumba mtoto asionekane, na uchambuzi wa nyumba kwa nyumba humfedhehesha. Wapo wanaosema basi tuziache ramani hizi, tuendelee kama zamani. Hao hatukubaliani nao, na sababu ndiyo hii tunayotaka msomaji wetu aishike: sitara ni haki ya mtoto, si haki ya ofisi. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, na aghalabu huchanganywa na ofisi yenyewe. Inapotakiwa itoe hesabu ya madawati, walimu wa hisabati au vyoo, hujibu kwamba hizo ni siri. Siri ya nani? Choo kilichobomoka hakina aibu. Aliyepaswa kukijenga ndiye mwenye aibu. Idadi ya walimu wa skuli haimvunjii mtoto heshima hata ikiandikwa kwa herufi za urefu wa mnazi. Tukifuata mfano wa nyumba yetu, mambo ya skuli ni ya barazani, yaonekane na kila apitaye. Mambo ya mtoto ni ya ndani. Yanayotendwa mara nyingi ni kinyume chake: mtoto hutolewa barazani, na skuli ikasitiriwa.

Mifano iko karibu. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya Kidato cha Nne lilitaja skuli kumi za mwanzo na kumi za mwisho, na zaidi ya mara moja skuli za Unguja zilitajwa katika zile za mwisho. Watoto wa skuli hizo walitembea njiani na jina hilo. Orodha haikusema darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi, wala ni somo gani lilikaa bila ya mwalimu. Mwezi Januari 2023 Baraza liliacha kuzipanga skuli kwa utaratibu ule, nasi tunaona lilifanya vyema. Ila kuacha kufedhehesha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyaweka wazi yale ambayo orodha haikuyasema.

Mfano mwingine ni wa sheria. Mwaka 2018 Bunge la Jamhuri ya Muungano liliirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, likaweka adhabu kwa anayesambaza takwimu za kuzipotosha au kuzitilia shaka zile rasmi. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa tena na kifungu hicho kikaondolewa. Nia ya kulinda ukweli wa hesabu za taifa ni njema, wala hatuibezi. Lakini fikiri mwalimu wa Fumba anayeiona skuli yake katika ramani ikiwa na walimu wanane, naye akitazama chumba cha walimu anawahesabu watano. Anapaswa aweze kusema watano bila ya kushusha sauti. Ramani inayojibu lakini haisahihishwi ni ya ukutani ileile.

Tumeona kwamba inawezekana kufanya vinginevyo. Uwezo, waliofanya upimaji wao wa kwanza Tanzania mwaka 2010, waliwatuma watu wa kujitolea hadi majumbani kuwapima watoto kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha Darasa la Pili. Kwa kuwa walikwenda nyumbani wala si skuli, hata asiyesoma alihesabiwa. Na mzazi aliambiwa matokeo ya mwanawe palepale mlangoni, kabla ya hayajafika mezani kwa mkubwa yeyote. Kilichochapishwa baadaye kilikuwa cha wilaya na mkoa, bila ya jina la mtoto. Kibera, katika mji wa Nairobi, vijana wa mahali hapo walianza mwaka 2009 kuichora ramani ya makaazi yao wenyewe, ambayo katika ramani za wazi ilikuwa kama pahala patupu, na baadaye wakazitia skuli zao, zikiwamo nyingi ambazo wakubwa hawakuwa nazo katika orodha. Walioonekana ndio walioshika kalamu.

Wanafunzi wa sekondari watakaousoma ukurasa huu wana kalamu hiyo. Hawahitaji kusubiri kompyuta. Skuli yoyote ya rasi ya Fumba yaweza kuanza na daftari la mahudhurio, kalenda ya ukutani na miandamo ya mwezi. Mahudhurio tunayoyapeleka wizarani hujumlishwa kwa mwezi wa ofisi na kwa muhula. Bahari haiendi kwa mwezi huo. Bamvua huja mara mbili katika kila mwezi mwandamo, wakati wa mwezi mpya na wakati wa mwezi mpevu, na siku hizo miamba huachwa wazi mbali kuliko siku nyingine, na mikono mingi huhitajika pwani. Je, viti vitupu darasani huongezeka siku hizo? Huongezeka kwa wasichana au kwa wavulana, kwa Darasa la Nne au kwa Kidato cha Pili? Zihesabiwe siku, bila ya kuandikwa majina, kwa miezi kumi na miwili mfululizo, kisha upelekwe mchoro wake kwa ofisa wa elimu wa wilaya, aulizwe hilo tabaka atalitia wapi katika ramani yake.